Landrova Isiyo na Mshikio

Baba Neema, mume wangu,

Najua ungeanza kucheka hapo hapo kwenye jina lako. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja sikuwahi kukuandikia barua, hata ulipokuwa unapotea porini na wageni wako mpaka nasahau umevaa shati gani, na leo nakuandikia wakati hakuna gari linalofika uliko. Cheka tu. Mimi nimekaa barazani na chai yangu, watoto wa jirani wameshaenda shule, na mke mwenzangu ameegeshwa bandani pale pale ulipomwacha. Jana nilimwosha kwa mikono yangu. Nimekuja kukuambia kwamba tumekwenda Endulen, mimi na yeye. Ile safari uliyoniahidi, kwa gari ulilonitengenezea, imefanyika, na wewe hukuwemo.

Neema ameniomba barua hii niiache wazi ili na wengine waisome. Kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Walimu ndivyo tulivyo, hatuwezi kuanzia katikati.

Ulinikuta Karatu, kando ya soko, nimekaa juu ya sanduku la bati. Mwalimu mpya kutoka Machame, nimepangiwa shule Endulen, mahali ambapo hata jina lake nilikuwa najifunza kulitamka. Wewe ulikuwa dereva wa misheni, unapeleka dawa na mafuta ya taa, na ulikuwa umeambiwa unibebe. Ulinitazama miguu kabla ya uso. "Mwalimu," ukasema, "hivyo viatu vyeupe ni vya kuvaa au vya kubeba?" Hilo ndilo neno lako la kwanza kwangu. Nilinuna mpaka lango la hifadhi.

Landrova yenyewe ilikuwa ile ndefu ya kijani, yenye madirisha ya kusukuma na tairi la akiba juu ya boneti. Ndani ilinuka petroli na maziwa yaliyomwagika. Mbele ya usukani wako palikuwa na kipande cha sabuni ya mche, nikajisemea afadhali huyu ni mtu msafi, kumbe ilikuwa ya kuzibia tangi likitoboka njiani. Upande wangu, pale abiria anaposhika gari likianza kuruka, palikuwa na matundu mawili ya bolti na kutu iliyoyazunguka. Mshikio uling'oka zamani, ukasema, na hakuna aliyeuulizia.

Tulipopita lango tukaanza kupanda msituni, na hapo ndipo nilipoliona korongo. Lilikuwa upande wangu, chini kabisa ya dirisha. Miti ilianzia pale barabara ilipoishia, na vilele vyake vilikuwa chini ya miguu yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umelowa, gari linateleza kama limekanyaga ganda la ndizi. Nilitafuta pa kushika nikakuta matundu mawili. Basi nikashika nilichokipata, na kilikuwa mkono wa sweta lako.

"Dereva, angalia korongo."

Uligeuka ukanitazama usoni, mimi, siyo dirisha, na ukauliza kwa upole kabisa: "Korongo gani?"

Kila kona nilikuambia, na kila kona uliuliza hivyo hivyo. Tulipofika juu, ukingoni, pale watu wanaposimama kuitazama kreta, sweta lilikuwa limefumuka begani. Ulilikagua, ukatikisa kichwa. "Mwalimu, hili sweta ni la misheni. Utawajibu wewe."

Nililishona Jumamosi ile ile. Endulen haikuwa na uzi wa kahawia, ulikuwepo wa bluu tu, wa sare za watoto, kwa hiyo sweta la kahawia likapata mshono wa bluu. Misheni hawakulidai na wewe hukulirudisha. Ukawa unalivaa kila ulipokuja, hata jua likiwaka, na ulikuwa unakuja mara nyingi kuliko dawa zilivyokuwa zinahitajika.

Nakumbuka honi yako. Ulikuwa unaipiga kwenye kona ya mwisho, mapema mno, wanawake wanatoka kwenye maboma kutazama kama umeleta sukari. Mama Naserian, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kuwasha moto wa kuni mbichi na kuamkia watu kwa Kimaasai, na ndiye aliyekugundua kabla sijakugundua mimi. Alikaa mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, huyo dereva Mwiraqw hana mgonjwa wa kumpelekea dawa. Mgonjwa ni yeye." Nikamfukuza kwa maneno, lakini siku hiyo nilichana nywele mara mbili.

Tukaoana, ukaja Machame kwa wazee wangu na shati ulilopiga pasi mpaka likang'aa. Tukahamia Karatu. Misheni wakanunua magari mapya, wewe ukaingia kwenye utalii, ile Landrova ikauzwa, ikawa inabeba vitunguu kutoka Mang'ola, kisha kuni, kisha hatukuiona tena. Neema akazaliwa. Na lile swali lako likahamia nyumbani kwetu bila kulipa kodi. Neema akishikwa na homa, mimi nimechanganyikiwa, wewe unamfunga kwenye kanga vizuri huku unaniuliza, "Korongo gani?" Mahindi yakikauka shambani, korongo gani. Kampuni ikikusimamisha msimu mzima, korongo gani. Kuna siku neno hilo lilinituliza kuliko dua. Kuna siku nyingine lilinitia hasira mpaka nikakuambia mbele ya mtoto kwamba wewe hofu za watu unazifanyia mzaha, kwamba ni rahisi kuwa shujaa mwenzako anapotetemeka. Ulitoka nje ukaenda kukata majani ya ng'ombe.

Lile neno nililokuambia siku hiyo nimelibeba, Baba Neema. Nitalirudia huko mwisho.

Ulipostaafu udereva, magoti yamechoka, nilidhani sasa tutapumzika. Ukaenda Rhotia kwenye msiba, ukarudi umevutwa na trekta. Nyuma ya trekta kamba, nyuma ya kamba Landrova, na ndani ya Landrova wewe umeshika usukani na kucheka kama mtu aliyeokota ng'ombe. Ilikuwa haina rangi. Mlango mmoja umefungwa kwa waya. Uliikuta uani kwa mtu, kuku wanalala ndani.

Nikakuuliza, "Umeleta gari au umeleta banda?"

"Hii ndiyo yenyewe, Mwalimu. Angalia."

Ukanionyesha yale matundu mawili ya bolti. Nilisimama pale na mwiko wa ugali mkononi. Kisha tukasikia sauti kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa kuku, amelalia mayai, amesafiri njia yote kutoka Rhotia bila kuinuka.

Fundi Boay alikuja asubuhi yake na spana zake, ukamrudisha nyumbani. Ulimwambia kazi haianzi mpaka vifaranga vitoke. Boay alidhani unatania. Watu wote Karatu wanajua fundi akishakuja humrudishi, maana hujui atapatikana lini tena, hasa msimu wa wageni ukianza na magari yote ya utalii yanataka kukaguliwa. Lakini wewe ulikataa kumwamsha kuku. Nikasema moyoni, huyu mwanamume ana subira ya ajabu. Sasa nafikiri tulikuwa tunajifundisha kungoja, na tulijifunza vizuri kupita kiasi.

Ulianza kuitengeneza, na mimi nikaanza kuiita mke mwenzangu. Unaamka, unaenda kwake kabla ya kunywa chai. Unarudi unanuka yeye. Masika ikija, wageni hawapo, Boay ana nafasi, mnashinda chini yake mmelala juu ya maboksi kama watoto. Ulimtafutia vioo Arusha, ukamtafutia kabureta kwa mzee mmoja Oldeani aliyekuwa ameihifadhi kwenye debe la unga. Waliokuambia uweke injini ya Kijapani ya dizeli uliwapa chai ukawaacha waende zao. Boay naye alikuambia, "Mzee, hii injini inakunywa petroli sana, haitakulipa," ukasema siyo gari la kufanyia biashara, ni la kumpeleka mtu mmoja mahali pamoja.

Na jioni moja tunachambua maharage ukanieleza ni nani na ni wapi. "Siku ukistaafu, nakurudisha Endulen. Gari ile ile, njia ile ile. Ukavione viatu vyako vilipochafukia." Nikakuambia maharage yako yana mawe, angalia unachofanya. Lakini ulikuwa umeniona nikitabasamu.

Walinifanyia sherehe ya kustaafu shuleni, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Nilirudi nikakuta Landrova mbele ya nyumba, ya kijani, boneti inang'aa mpaka najiona. Kiti kimeshonwa upya. Sabuni ya mche ipo mbele ya usukani ingawa tangi lilikuwa jipya. Ukanifungulia mlango, nikapanda, nikakaa upande wangu, na mkono wangu wenyewe ukaenda kutafuta. Matundu mawili. Umeyasugua kutu, umeyapaka rangi mpaka ndani, lakini matundu.

"Mshikio uko wapi?"

"Gari hii haikuwa na mshikio."

"Sasa si ndiyo uuweke?"

"Mwalimu, mimi nimeirudisha ilivyokuwa. Nikianza kuongeza vitu itakuwa gari nyingine."

"Umeongeza tangi."

"Tangi lilitoboka. Mshikio haukuwepo."

"Basi Endulen siendi. Nishike nini, hewa?"

Ulikuna kidevu, ukaangalia mkono wa sweta lako, ukaangalia pembeni. Nilielewa, Baba Neema. Sikuwa mtoto. Nilielewa vizuri unachotaka nishike, na nikafurahi kiasi kwamba nikaamua kukunyima. Nilitaka uniombe. Mwanamke aliyeolewa miaka yote hiyo anaombwa nini siku hizi? Anaombwa chumvi. Basi nikasema hapana, na wewe ukasema utaona, na kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Nakupa chai nauliza, mshikio? Unanipa kuni unajibu, haukuwepo. Neema akipiga simu kutoka Arusha anaanza na, "Mmeshaelewana au bado?" Hatukuwa tumegombana hata kidogo. Sijui kama tulishawahi kufurahi vile tangu yeye azaliwe.

Halafu masika ikaanza na barabara ya Endulen ikawa ya trekta. Nikaona vizuri, acha inyeshe, ikikauka nitampa ushindi wake. Nilikuwa nimeshakubali. Nilitoa lile sweta kabatini, nikakuta nondo wamelila kwenye kiwiko, nikalishona. Nikaliweka juu, tayari. Nilichokuwa nangoja ni uniombe mara moja zaidi.

Na uliniomba. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mvua ilikatika siku mbili tatu, jua likatoka, asubuhi ukapiga honi nje ya nyumba kama ulivyokuwa unaipiga Endulen, mapema mno. Nilichungulia dirisha la jikoni. Umevaa vizuri, injini inanguruma, mlango wangu uko wazi.

"Panda twende. Waliotoka huko jana wanasema panapitika."

Nilikuwa na maharage motoni. Nilikuwa na kitambaa kichwani na nguo zimeloweka kwenye beseni. Nikasema lile nililozoea kusema, bila hata kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi: "Weka mshikio kwanza."

Ulicheka. Uliinamia usukani kidogo, ukacheka, kisha ukazima injini. Nikasikia ukimya wake, nikarudi kwenye maharage.

Sikujua. Nani angejua? Wiki ile ile kifua kikakubana, ukasema ni baridi ya mvua, ukalala, kagari kangu kadogo kakakwama na wewe kwenye matope, na kabla hatujapata mtu wa kututoa ukawa umeshaondoka. Gari lilikuwa bandani, zima, lina mafuta. Watu waliokuja msibani walikuwa wanaliegemea wakisema mzee ameacha kazi nzuri. Nilitamani kuwafukuza wote.

Nimelilia mambo mengi tangu siku hiyo, lakini nikikuambia ukweli, nalilia zaidi yale maharage. Yaliiva, tukayala mchana, na hayakuwa na maana yoyote. Ningeweza kuyaepua. Ni kuepua sufuria tu, kuvua kitambaa, kutoka nje. Nilitaka kuombwa, nikaombwa, na sikutambua kwamba ndiyo hiyo.

Mwaka mzima sikugusa gari. Meneja wa loji moja ya njia ya kwenda langoni alikuja, mtu mstaarabu, akataka kulinunua. Nikamwuliza la kazi gani. Akasema wataliweka bustanini, watoe injini, wapande maua kwenye boneti, wageni wakishuka wapige nalo picha. Neema alikuwepo, akasema, "Mama, si bora likae mahali pazuri kuliko kuoza bandani?" Hakusema vibaya mtoto. Lakini nilimwona mke mwenzangu amejazwa udongo mpaka shingoni, maua yanamtoka puani, na nikasikia haya kwa niaba yake. Yule meneja alikunywa chai akaenda.

Nikamwita Boay. Nikamwambia nataka kulijua hili gari. Alinitazama, akatazama kale kagari kangu kadogo ulikonifundishia udereva mwenyewe, akasema, "Mama, klachi ya hii si ya kubembeleza, inakanyagwa mpaka chini." Nilikanyaga mpaka chini. Goti langu lililia, gari likaruka kama mbuzi, jirani akatoa watoto wake barabarani. Baada ya muda tukaelewana, mimi na yeye, kama wake wenza wanavyoelewana mume akishaondoka. Boay alifurahi, siku ya mwisho akaja na kipande cha bomba amekikunja vizuri na kukipaka rangi ya kijani. "Nikuwekee mshikio, Mama, ni bolti mbili tu." Kilikuwa kizuri. Nilikishika, kilienea mkononi kabisa. Nikamrudishia, nikamwambia yale matundu ayaache.

Tuliondoka kiangazi hiki, mimi na Neema. Nilivaa sweta lako kwa sababu ya baridi ya ukingoni, na kwa sababu nyingine. Langoni kijana wa zamu alizunguka gari, akarudi dirishani.

"Mama, hii inafika huko?"

"Imefika kabla wewe hujazaliwa."

"Na dereva yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akacheka, akatufungulia. Msituni ukungu ulikuwa mzito, sioni zaidi ya tairi la akiba, kwa hiyo makorongo yote yalikuwa yamefunikwa. Neema alikuwa upande wangu wa zamani, anatafuta mtandao kwenye simu, hakushika kitu chochote. Watoto wa siku hizi hawaogopi kitu mpaka waone picha yake. Nilikwenda polepole, nyati mmoja akatusimamisha katikati ya barabara akafikiri kwanza kabla ya kutupisha. Kwenye kona ya mwisho nikapiga honi. Mapema mno.

Mama Naserian alitoka. Amezeeka, masikio yamelegea kwa shanga, lakini mwendo ni ule ule. "Takwenya," nikamwamkia, akaitikia, "Iko," akanishika mikono yote miwili na hakuniuliza uko wapi. Unajua kwao jina la aliyekwenda halitajwi. Alilitazama gari tu. Akalizunguka, akafika kwenye mlango wako, akatema mate kidogo ya baraka pale, kama wanavyombariki mtoto, akasema, "Gari imekuja."

"Imekuja," nikasema.

"Imechelewa."

"Ndiyo, yeyo, mama yangu. Imechelewa."

Tukakaa kwake tukanywa chai ya maziwa. Shule yangu imepata madarasa mapya, mlango wa chumba changu sasa ni wa bluu. Nilitembea mpaka pale ulipokuwa unaegesha. Nilidhani nitakukuta, sijui kwa nini. Nilikuta nyasi. Nilisimama nikasubiri kusikia kitu moyoni na nilichosikia ni kwamba nimekuja peke yangu, basi. Ningekudanganya nikisema nilifarijika. Ahadi ilikuwa yetu wawili, na mtu mmoja hawezi kuitimiza.

Tulipotaka kuondoka Mama Naserian akatokea amejifunga shuka jipya na kibuyu cha maziwa. Binti yake amejifungua Karatu, na gari likiondoka Endulen na nafasi ndani yake, unajua mwenyewe, hiyo nafasi si yako. Neema akahamia nyuma kama adabu inavyotaka. Mama Naserian akapanda mbele, akakaa upande wangu wa zamani, kibuyu katikati ya magoti.

Mchana ulikuwa umefunguka, hakuna hata wingu. Tukazunguka ukingo vizuri, tukaanza kushuka msituni, na kwenye ile kona inayopinda ghafla gari likaruka. Nikamwona kwa pembe ya jicho: mkono wake ukanyanyuka, ukapapasa mbele, ukapita kwenye matundu mawili, ukakosa. Ukaangukia sweta. Alilikamata kwa nguvu za mwanamke aliyekamua ng'ombe maisha yake yote.

"Mwalimu, angalia korongo."

Niligeuka nikamtazama, na kabla sijajua ninachosema nikauliza: "Korongo gani?"

Nikasimamisha gari. Neema akauliza kuna nini. Sikuwa namtania Mama Naserian. Nilikuwa nauliza kweli. Nilijivuta, nikanyoosha shingo, nikatazama tena, na kutoka kwenye kiti chako halionekani, Baba Neema. Unaona barabara, unaona boneti na tairi la akiba, na ukigeukia kushoto unaona uso wa mtu uliyembeba na majani ya kijani nyuma yake. Basi. Pale ambapo mimi niliona kifo, wewe ulikuwa unaniona mimi.

Na yale makorongo ya upande wako, maana barabara ile inapinda, lazima yalikuwepo. Uliyatazama peke yako miaka yote na sikumbuki hata siku moja umeniambia niangalie.

Nilikuita mtu wa mzaha mbele ya mtoto wako, ukatoka kwenda kukata majani. Nisamehe. Nilikuwa sijawahi kukaa upande wako.

Mama Naserian hakuachia mkono mpaka langoni. Tulipofika nyumbani nikavua sweta nikaliangalia kwenye mwanga: ule mshono wa bluu umeachia begani, upana wa vidole viwili. Neema amesema atalipeleka kwa fundi cherehani. Nimemwambia aache, nitalivaa hivyo hivyo.

Chai yangu imepoa. Boay anakuja leo kuangalia breki, na jikoni nimeinjika maharage. Akipiga honi tu, nayaepua.

Pumzika, mume wangu. Usinitafutie mshikio.

Mkeo,
Mama Neema